Wewe ni nani yake? Risala ya majirani wanaolea wazee wasio na ndugu, kambi za zamani za mkonge, mkoa wa Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,




Tunakushukuru kwa kufika hadi huku kambini. Risala za tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, huwa na pongezi nyingi mwanzoni na maombi machache mwishoni, na maombi yakifikiwa mgeni keshaanza kutazama saa. Leo kwa ruhusa yako pongezi tutazifupisha. Dirisha la wazee lipo kwenye zahanati, bango la kumpisha mzee limebandikwa, na mhudumu wa pale ana heshima. Kwa hayo tunaipongeza serikali. Sasa tuseme yaliyotuleta.

Sisi ni majirani. Hatuna usajili, hatuna muhuri wala akaunti. Wengi wetu ni wanawake: wauza vitumbua, wachanja kuni, vibarua wa kupalilia, pamoja na wanaume wachache, akiwemo kijana wa bodaboda aliyebeba wazee usiku wa manane bila kudai nauli. Kinachotukutanisha ni kwamba kila mmoja wetu anamlea mzee ambaye si baba yake, si mama yake, si shangazi wala mjomba. Ni mzee wa nyumba ya pili. Akili imeanza kumtoka, na ndugu ukimtafutia humpati.

Pengine utajiuliza inakuwaje mtu katika nchi hii akose ndugu. Jibu limelala kwenye mashamba uliyoyapita ukija. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kutafuta vibarua, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Silabu. Malori na treni zikazoa vijana kutoka Kigoma, Njombe na Songea, wengine kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji, zikawashusha Korogwe, Muheza na kwingineko. Waliandikwa kwa namba, wakapewa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku thelathini, na chumba kwenye kambi. Ni migongo yao iliyoifanya nchi hii kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilitoka kama tani 230,000, na mkonge ukaitwa dhahabu ya kijani. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama tani 20,000. Wenye kwao walirudi kwao. Waliobaki ni wale ambao barua zilishakoma, mke wa kambini alishazikwa, na watoto hawakujaliwa au walikwenda mjini wakapotelea huko. Kijana aliyeandikishwa mwaka 1960 akiwa na miaka 18 leo amevuka 80. Pensheni ya kila mwezi hana. Mfuko wa akiba wa enzi zao, NPF ulioanza mwaka 1964, ulilipa kwa mkupuo. Aliyebahatika alinunua baiskeli na mabati, na mkupuo ukaishia hapo.

Mheshimiwa, hawa ndio wazee tunaowazungumzia. Uzee peke yake tungeuweza, kwa maana mzee mwenye akili zake hata akiwa peke yake hujua lini ana njaa. Kilichotushinda ni ugonjwa wa usahaulifu, ambao madaktari huuita dimensia.

Yuko babu mmoja hapa aliyekuja akiwa kijana kutoka Kigoma. Saa kumi alfajiri yuko macho, anafunga mlango kwa kamba, anashika njia ya shambani. Korona, kiwanda cha kusindika mkonge, ilishazimwa siku nyingi na mashine zake zilikwenda kama chuma chakavu, lakini yeye anaisikia. Panga tulilificha, tukampa fimbo. Akifika kwenye ule mstari wa mkonge uliobaki kando ya barabara anahesabu majani, yakitimia thelathini anajifanya anafunga, anaanza fungu jingine. Mwanzoni tulikuwa tunambishia: babu, kazi imekwisha, mzungu kaondoka, twende nyumbani. Alikuwa anakuwa mkali, mara moja alimpiga mtu. Siku hizi anayemfuata humwamkia, kisha humwambia nyapara kasema leo ni mapumziko. Hapo anarudi mwenyewe, tena kwa furaha. Hakuna mtaalamu aliyetufundisha hilo. Tumelipata kwa kupigwa fimbo.

Sasa Kiswahili nacho kinamtoka. Ukimuuliza jina hutaja namba yake ya kazini. Akitaka maji huyaomba kwa Kiha, lugha ambayo hapa kambini hatuijui. Ikabidi tumtafute fundi baiskeli mmoja aliyezaliwa Kasulu atufundishe maneno ya lazima: maji, njaa, maumivu, choo. Yapo kwenye karatasi nyuma ya mlango, na mtoto wa darasa la tatu ndiye anayeyasoma vizuri kuliko sisi. Wapo pia wazee wa aina hii ambao lugha iliyowarudia ni ya ng'ambo ya mpaka, na kwa hao tatizo ni kubwa zaidi. Mtu aliyekata mkonge wa nchi hii tangu kabla ya Uhuru anaulizwa leo alizaliwa wapi, anajibu kwa lugha ya utotoni, na karani anaanza kumtazama kama mhamiaji. Kitambulisho cha Taifa kinaishia hapo, na kila kinachotaka kitambulisho nacho kinaishia hapo.

Hatusemi ugonjwa huu uko kambini tu. Wilayani Hai, ambako ukitoka hapa ni kupita Same, Mwanga na Moshi, watafiti walipita nyumba hadi nyumba kuwapima watu wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 wana ugonjwa huu. Maana yake ni kama sita katika kila wazee mia. Huko huko kikatengenezwa kipimo kinachomfaa mtu ambaye hakusoma: anataja wanyama awezao ndani ya dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Kiberiti, Mheshimiwa, kila nyumba hapa ina kiberiti. Lakini sisi mzee akipelekwa tunaambiwa ni uzee tu, mrudisheni. Siku nyingine tuliambiwa tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na aliyesema alicheka.

Tuje kwenye jambo linalotuogopesha kuliko yote. Bibi mmoja, mjane asiye na mtoto, alitoka usiku kutafuta kisima. Kisima hicho kilifukiwa zamani na juu yake pamejengwa nyumba ya watu. Alfajiri wenye nyumba wakamkuta uani, kanga imemdondoka, ndoo mkononi, haelewi yuko wapi wala haelezeki. Wewe ni mwenyeji wa mkoa huu, unajua kilichosemwa. Mchawi kaanguka na ungo. Kabla jua halijachomoza uwanja ulikuwa umejaa, wenye simu wakipiga picha, wenye mawe wakiyaokota. Bibi akawa anawaitikia salamu. Anasema marahaba, marahaba, kana kwamba wote wale wamekuja kumwamkia. Alinusurika kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji alifika mapema, akamfunika kanga, akamwingiza ndani na kusimama mlangoni. Mwenyekiti angekuwa safarini siku ile, leo tungekuwa tunasoma risala nyingine.

Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na kumtangaza mtu kuwa ni mchawi ni kosa ndani ya sheria hiyo hiyo. Katika tukio lile hakushitakiwa mtu. Picha za bibi zilizunguka kwenye simu hadi Tanga mjini, na aliyezipiga bado tunapishana naye dukani. Jirani anayemlea akaanza kuulizwa na wateja wake kama vitumbua anavyouza ni salama.

Kila mlango tunaobisha, Mheshimiwa, swali ni moja: wewe ni nani yake? Hospitalini bibi mwingine alivunjika nyonga. Tulikaa naye kwenye benchi, fomu ya upasuaji ikaletwa, ikatakiwa saini ya ndugu. Ni nani yake? Jirani. Ndugu yuko wapi? Hana. Basi tafuteni ndugu. Tukamtafute wapi, na nyonga imevunjika leo? Fomu ililala mezani siku kadhaa, na bibi akalala nayo. Hatumlaumu muuguzi, kwa kuwa fomu aliikuta hivyo hivyo. Mzee akifa, mochwari wanauliza swali hilo hilo. Kwenye malipo ya TASAF ya kaya maskini wanauliza. Dawa za presha hupewa mwenyewe, naye akizipokea huziweka ndani ya kiatu na kuzisahau. Tukienda kumchukulia tunaulizwa.

Na huku sisi tukiulizwa, kuna wasioulizwa. Mzee akishapoteza kumbukumbu hutokea mtu na begi, anajitambulisha kuwa mpwa. Anakaa wiki mbili, ana maneno matamu, anamnunulia mzee sukari. Kisha unasikia eka mbili zimeuzwa, karatasi ina dole gumba, ina mashahidi, na mpwa keshapanda basi. Ukimuuliza mzee anakwambia shamba lipo, jana tu alikuwa analima. Ajabu ya utaratibu wetu ni hii: anayemwosha mzee anadaiwa ushahidi wa undugu, na anayemuuzia shamba hadaiwi hata jina la babu yake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeiweka familia kuwa mahali pa kwanza pa matunzo, na makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho. Tunaikubali. Tena hatuombi wazee wetu wote wabebwe kupelekwa makazi ya Mwanzange kule Tanga, kwani mtu mwenye ugonjwa huu ukimhamisha mahali alipopazoea anazidi kupotea. Hata njia ya chooni inamwia ngeni. Lakini kati ya familia na makazi pana uwazi mkubwa, na kwenye uwazi huo ndipo tulipo sisi na ndoo zetu za maji. Sera haikututaja. Sheria ya wazee kwa upande wa Bara tumeingoja tangu sera ilipotoka.

Kwa hiyo ombi letu kubwa, ambalo hata ukisahau mengine tunakuomba uondoke nalo, ni kwamba jirani anayelea atambuliwe kwa maandishi. Tunapendekeza hivi. Mzee akithibitika kuwa ana ugonjwa huu na hana ndugu wa karibu, mkutano wa kijiji utaje majirani wawili watakaomsimamia. Tunasema wawili, kwa sababu mmoja hushawishika. Ofisa Ustawi wa Jamii awatembelee, aone hali ya nyumba, kisha Halmashauri itoe barua yenye muhuri, ya mwaka mmoja, inayoweza kufutwa siku yoyote mzee akionekana anateswa au anaibiwa. Barua hiyo itupe ruhusa ya kuingia naye kwa daktari na kuelezwa anaumwa nini, kumchukulia dawa, kumpokelea fedha za TASAF mbele ya shahidi na kuandika kwenye daftari zilivyotumika, na kumzika kwa heshima ya dini yake. Upasuaji hatuombi tusaini sisi. Tunaomba daktari na Ofisa Ustawi waamue pale pale, siku hiyo hiyo, badala ya kusubiri ndugu ambaye hayupo.

Barua hiyo isitupe haki yoyote juu ya ardhi, nyumba wala mti wa mzee. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Tunajua watakaosema majirani wametolea macho mashamba, na kwa kweli hatuwezi kuapa kwamba miongoni mwetu hayupo mwenye tamaa. Ndiyo maana tunataka mlango huo ufungwe tangu mwanzo, kwetu na kwa wapwa wa ghafla pia. Serikali ya kijiji isigonge muhuri kwenye mauziano yoyote ya mzee anayejulikana kuwa na ugonjwa huu mpaka Baraza la Wazee la kijiji na Ofisa Ustawi wawe wamekaa wakaridhia. Yaliyokwisha kuuzwa kwa njia hiyo yachunguzwe. Majina tunayo, hatutayasoma hapa mbele ya watu.

Kuhusu afya, mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa ni wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Tunaomba hao wa vitongoji vyetu wafundishwe kuutambua ugonjwa huu na kutumia kipimo kile cha njiti, na wapite majumbani, kwa kuwa dirisha la wazee halimsaidii mtu asiyekumbuka kwamba anaumwa. Zaidi ya hapo, kila mzee anayeonekana kuchanganyikiwa apimwe kwanza UTI, malaria, sukari, presha na upungufu wa damu kabla ya kuambiwa ni uzee. Tumemwona kwa macho yetu mzee aliyekuwa hatutambui, akatibiwa UTI, na juma lililofuata akatudai deni la tumbaku. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inazungumzia wasio na uwezo. Wazee hawa waandikishwe kwa uthibitisho wa kijiji pale kitambulisho kinapokosekana. Na suala la uraia wao limalizwe kwa ushahidi uliopo, vipande vya kazi na wazee wenzao wanaowafahamu, kwa huruma, maana aliyesahau jina la mama yake hawezi kujaza fomu ya mahali mama huyo alipozaliwa.

Polisi Kata na Dawati la Jinsia na Watoto tunawaomba jambo dogo lenye uzito. Wakati wa mikutano ya hadhara waseme waziwazi kwamba mzee akikutwa uani kwa watu usiku anaitiwa mwenyekiti, na kwamba atakayempiga picha au kumtangaza atajibu mahakamani. Kisha atokee hata mmoja ajibu kweli. Sisi kwa upande wetu tumeshashona vitambaa vyenye namba ya simu ya mwenyekiti ndani ya kola za mashati na kwenye pindo za kanga za wazee wetu. Akiokotwa mbali, aliyemwokota ageuze kola.

Kuhusu fedha hatutasema mengi. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mtu aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye zikapandishwa hadi 50,000, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Walioujenga uchumi wa Bara kwa mapanga hawastahili pungufu ya hapo. Tunajua hili liko juu ya ngazi ya wilaya, na tunaomba ulipeleke huko juu kama lilivyo. Lililo ndani ya uwezo wa Halmashauri ni dogo: sabuni, na pampasi za watu wazima. Hizo za dukani hatuziwezi, tunachana kanga kuukuu, tunafua, tunaanika, na msimu wa masika hazikauki.

Mwisho ni sisi wenyewe, na hapa wengi wetu tuliona haya kuandika. Tumechoka. Kuna mama kati yetu hajalala usiku mzima tangu masika, kwa sababu bibi yake wa jirani huamka kila saa kutafuta mtoto ambaye hakuwahi kumzaa. Binti mmoja ameacha kwenda kwenye biashara yake, mumewe akamwambia achague. Tunaomba jengo la ofisi ya zamani ya kambi, ambalo mlango wake umefungwa kwa miaka na popo wamelikalia, lifunguliwe liwe mahali pa wazee kushinda mchana, siku mbili tu kwa wiki, akiwepo mhudumu wa afya na uji. Kulifagia na kulipaka chokaa tutafanya wenyewe. Siku hizo mbili tutakwenda shamba, tutauza, wengine tutalala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, majibu tunayaomba kwa maandishi kabla bajeti ya Halmashauri haijapitishwa. Yapitie kwa Mtendaji wa Kijiji na yasomwe kwenye mkutano wa hadhara hapa hapa kambini, ili hata jibu likiwa hapana tulisikie wote.

Tunaomba kuwasilisha.

Majirani walezi